Somo la Askari wa Kukodiwa

Nilipokabidhi ufunguo wa kabati la vitabu vya Kiingereza, ninyi walimu wenzangu vijana mliniomba hotuba. Nilikataa, maana mstaafu akishapewa kipaza sauti haachi mpaka umeme ukatike. Nimeona heri niandike. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilizaliwa Unguja, na Shingazidja changu, lugha ya kisiwa hiki, pamoja na umri wote niliokaa Moroni, bado huwachekesha mawifi zangu. Atakayetafuta humu habari za vyeo na mishahara asijisumbue. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilihamia Moroni na marehemu mume wangu mwaka 1978, miezi michache baada ya mamluki kuingia. Serikali iliyopita ilikuwa imefunga ofisi na kuwapa vijana wa shule madaraka ya nchi. Kisha wazungu wenye bunduki wakaja kwa bahari, wakaiangusha, wakamrudisha rais wa zamani, na wao wenyewe wakabaki wakiwa maofisa wa gadi ya rais. Shule zilifunguliwa tena zikiwa na njaa ya walimu. Mkuu wa shule ya upili ya serikali aliniuliza kama najua Kiingereza. Nikamwambia najua. Akauliza ni Kiingereza cha wapi. Nikasema ni cha Unguja. Akafikiri kidogo, akaniambia nianze kesho yake asubuhi.

Huku Moroni mwalimu huitwa fundi. Kwetu Unguja fundi ni mtu wa kukutengenezea baiskeli, na siku ya kwanza nilipoitwa hivyo koridoni niligeuka nyuma kumtafuta anayeitwa.

Darasa langu la kwanza halikuwa la watoto. Shule zilikuwa zimevurugika, wanafunzi wakakua nje ya madarasa, na waliporudi wengine walikuwa na ndevu. Dirishani alikaa kijana mmoja wa Ikoni, mji wa kale ulio jirani upande wa kusini, jina lake Ahamada. Alikuwa amepita miaka ishirini, mwana pekee wa mjane aliyedarizi kofia, Bi Hadija. Alikuwa mpole, lakini akiuliza swali unakwenda nalo nyumbani.

Vifaa vyetu mngevionea huruma. Ubao tuliupaka weusi wa betri kuukuu uliosagwa na kuchanganywa na majani ya muhogo. Vitabu vilikuwa kasha moja, vilivyoletwa na msaada wa nje ambao hakuna aliyekumbuka ni wa nani: nusu yake vipande vya fasihi ya kale, nusu historia ya Marekani. Vilikuwa vichache, hivyo kila ukurasa nilioutaka niliupiga taipu juu ya stensili, nikazungusha mashine ya kurudufu kwa mkono. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu na kuipuliza ikauke. Wino uliingia kwenye kucha, na nilikuwa nikienda harusini na vidole vya makanika.

Aliyenifundisha kufundisha ni Fundi Bakari wa Itsandra. Yeye alisomesha fasihi ya Kifaransa, hasa tamthilia za kale za wafalme. Mamluki walishukia pwani ya mji wake, karibu na nyumba yake, na alipenda kusema kwamba aliposikia vishindo alidhani ni wavuvi wanagombana, akavuta shuka. Siku moja aliniona natoka darasani sauti imenikauka. Akaniuliza nilikuwa nikifundisha nini. Nikamwambia dhulma, kama mada ya fasihi, na kwamba nimeieleza mpaka nimechoka. Akanishauri hivi: "Mfalme haelezwi, dada yangu. Msome polepole, kisha kaa kitako. Darasa lina masikio."

Nilifuata. Vitabu vikuu, ukivivua mapambo, vina mambo machache tu: mtu anataka kiti kisicho chake, ndugu wanapigania urithi, kiapo kinavunjwa, mgeni anabisha hodi. Wanafunzi wa Moroni wa miaka ile hawakuhitaji kuelezwa hata moja. Barabarani walipishana na magari ya gadi, na walijua ni magari gani hayasimami.

Mwaka wa tatu tukafika kwenye sura ya vita vya uhuru vya Marekani. Sura ilianza vizuri tu, na kodi, na chai iliyomwagwa bandarini. Kurasa mbili mbele ilieleza malalamiko ya walowezi dhidi ya mfalme wao wa Uingereza. Mojawapo lilikuwa kwamba mfalme, alipoona askari wake hawatoshi, alikodi askari wa kigeni kutoka nchi za Wajerumani, akawavusha bahari waje kuwapiga raia zake mwenyewe. Neno la mamluki lililotumika kitabuni ni lile lile la Kifaransa, limebadilika mkia tu. Hakuna mtoto wa Moroni ambaye hakulijua.

Nilimpelekea Fundi Bakari ukurasa ule, nikamuuliza kama niuruke. Aliusoma amesimama, miwani juu ya paji. Aliuliza kama sura ile imo kwenye muhtasari wa masomo. Nikasema imo. Akanirudishia kitabu na kusema kwamba basi aliyeiweka ni serikali, na mwalimu hapaswi kuwa mkali kuliko serikali.

Nikaifundisha. Sikuongeza neno. Tulisoma aya kwa zamu, tukaandika msamiati, nikakaa kitako. Ahamada akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza chake cha hatua kwa hatua: wale askari wa kukodiwa, Wamarekani waliwaondoaje?

Nilimjibu kama kitabu kilivyosema. Kwamba baadhi yao walishambuliwa alfajiri ya baridi, siku moja baada ya sikukuu yao, na watu waliovuka mto wenye barafu. Kwamba wengine waliahidiwa mashamba wakimwacha mfalme, wakaweka silaha chini. Na vita vilipokwisha, wengi walipanda merikebu wakarudi kwao.

Ahamada akafunga daftari lake, akasema kwa Shingazidja, si kwa sauti kubwa:

"Kumbe huondoka."

Darasa lote likacheka. Halikuwa cheko la fujo. Lilikuwa kama la watu walioshusha mzigo mara moja. Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo na sijapata kulisikia tena cheko la namna ile. Mtu fulani alilipeleka nje. Sijui nani, na nilijikataza mapema kumtafuta, kwa sababu ningeanza kuwatazama wanafunzi wangu wote kwa jicho la kutafuta.

Siku chache baadaye askari wa gadi walimchukua Ahamada nyumbani kwao Ikoni. Bi Hadija alikuja kwangu asubuhi, buibui limekaa upande, kofia ya watu mkononi na sindano ingali imo. Hakunilaumu. Alitaka tu kujua somo lile lilikuwa la nini, na lilipoelezwa kwake alisema kwamba basi mwanawe hakutukana mtu. Nilimwambia hakutukana. Akakaa kwangu mpaka adhuhuri akidarizi, maana hakuweza kurudi katika nyumba ile peke yake.

Nami nikaitwa kambini. Mume wangu alitaka kunisindikiza, akazuiwa langoni. Ofisa aliyenipokea alikuwa mzungu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, na mezani kwake palikuwa na karatasi yangu ya stensili. Tulizungumza Kifaransa. Aliuliza nani amenituma kufundisha maneno yale. Nikasema wizara. Aliuliza kama najua kwamba darasa lilicheka. Nikasema nilikuwapo.

"Yule kijana anasema sana," akasema.

"Ni mwanafunzi, bwana. Kuuliza ndiyo kazi yake. Siku asiyouliza ndiyo ningekuja kushtaki."

Aliisoma tena ile karatasi huku kidole kikifuata mstari. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, aliuliza: "Na hawa wa kitabuni, ambao hawakurudi kwao. Waliishia wapi?"

Nikamwambia kwamba waliobaki walipata mashamba, wakaoa huko huko, na wajukuu wao wakawa watu wa nchi ile.

Alitazama dirishani. "Mimi nimeoa hapa," akasema.

Sikumpa hongera. Kwa muda ule mfupi nadhani hakukuwa na mkubwa wala mdogo mle chumbani. Kisha akanionyesha mlango.

Ahamada aliachiwa kabla ya Ramadhani. Alikuwa amekonda, na sikio lake la kushoto halikusikia tena. Hakutuambia walimfanya nini, nasi hatukumchimba. Jina lake lilifutwa katika orodha ya watahiniwa wa bakaloria, mtihani ambao bila huo hupati kazi ya kalamu nchini mwetu. Mimi nilipata karatasi ya uhamisho kwenda Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, "kwa mahitaji ya kazi." Fundi Bakari alinisindikiza mpaka bandarini. Aliniambia kwamba adhabu ya kupelekwa mahali penye maji mengi na matunda anaitamani na yeye.

Mutsamudu nilianza upya. Shindzuani si Shingazidja, na nilipozoea kuchekwa kwa lugha moja nikaanza kuchekwa kwa ya pili. Nilipanga vyumba viwili katika mji wa kale, kwenye kichochoro ambacho ukifungua dirisha unaweza kumpa jirani chumvi. Nikajifunza kujitanda kitambaa cha shiromani kama wanawake wa pale. Baadhi ya wanafunzi wangu walitoka Patsy, kijiji cha juu mlimani, wakiteremka kwa miguu na kufika viatu mkononi ili visichakae. Mmoja wao aliitwa Echati, msichana mwenye uso usiotabasamu bila sababu. Nilipoanza sura ya Marekani na dunia, aliniambia kwamba Marekani ilishafika Mutsamudu zamani.

Ilikuwa kweli. Zamani za masultani, merikebu za Kimarekani zilizovua nyangumi zilikuwa zikitia nanga pale kuchukua maji na vyakula. Nahodha mmoja alitiwa gerezani na sultani, na baadaye ikaja manowari ya Kimarekani, ikaupiga mji mizinga. Wazee wa mji walikuwa wakiyasimulia hayo kwa utulivu, kama watu wanaoeleza kimbunga. Tangu hapo niliwapandisha wanafunzi kila mwaka kwenye ngome iliyo juu ya mji, tukaketi juu ya kuta tukisoma habari za taifa lililozaliwa kwa kumlalamikia mfalme, kisha nikawauliza taifa hilo lilitafuta nini bandarini kwetu. Nawapa ninyi njia hiyo bure. Historia ya mbali itafutieni mlango wake wa karibu.

Mwaka mmoja nilikuwa bandarini nikingoja mzigo wa karatasi. Askari wa gadi, nguo nyeusi, bunduki begani, alinijia akavua kofia yake.

"Madame."

Nilimtazama kwanza sikio, kisha uso. Alikuwa Ahamada.

Macho yangu yakaenda kwenye bunduki. Nadhani aliona, maana alisogea nyuma hatua moja. Alieleza mwenyewe kabla sijauliza. Mama yake alikuwa mgonjwa, macho hayawezi tena sindano. Alikuwa amebisha hodi ofisi zote za Moroni, na kila mahali walitaka cheti. Gadi peke yake haikutaka cheti. Walijua yeye ni nani walipomwandika, akasema. Mmoja wao alicheka.

Kisha akauliza kama mtu wa umri wake anaweza kufanya bakaloria akiwa mtahiniwa wa nje.

Nilimwambia aje nyumbani, lakini bunduki isivuke kizingiti changu, wala nguo zile. Akaja na kanzu na kofia ya mkono wa mama yake. Alikuja hivyo kila alipopata ruhusa, akikaa upande ambao sikio lake zima lingenielekea. Tulisoma yote: wafalme wa tamthilia, watumwa wa mashamba ya pamba na vita vilivyowafungua, na wale wenye ngozi kama yetu waliokataa kuinuka katika viti vya basi. Mwenye nyumba wangu, Bi Fatima, mwanamke mwema, alinivuta kando. "Mama Salimu," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "watu wanasema nyumba yangu inanuka baruti." Nilimjibu kwamba inanuka wino, na kwamba akitaka nihame nitahama. Hakutaka, lakini kwa muda mrefu sikupata tena sahani yake ya Ijumaa.

Siku moja, tukiwa katika habari za watumwa, Ahamada aliacha kusoma. Aliniuliza kama kuna mtu anaweza kuvaa nguo za wanaomwonea na abaki mtu. Nilikuwa na majibu ya vitabu. Sikuyatumia. Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba ukurasa unaofuata ni mrefu, tuendelee.

Siku ya mtihani wa mdomo watahiniwa walingoja kwenye benchi nje ya chumba. Walimjua wote. Alipokaa, benchi zima liliinuka, isipokuwa Echati, ambaye mwaka ule naye alikuwa mtahiniwa. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuinuka. Alisema benchi ni la serikali, na yeye alikuwa ametembea kutoka Patsy.

Ahamada alifaulu. Nilidhani ataacha gadi siku ile ile. Haikuwa rahisi hivyo. Gadi haikuwa kazi ya kuandikia barua ya kuacha. Alikaa humo mpaka mwisho.

Mwisho huo mmeusoma. Rais aliuawa akiwa katika ulinzi wa wale wale waliomleta. Mamluki wakaishika nchi majuma machache, vijana wakaandamana, wanajeshi wa Ufaransa wakaja, na wazungu wa gadi wakapanda ndege. Ndege ile ilikuwa na viti vya wazungu. Askari wenyeji waliachwa na majina yao. Yule ofisa aliyeniuliza mwisho wa kitabu aliondoka pia, mkewe alibaki.

Mwaka uliofuata nilirudishwa Moroni. Ahamada alikuwa Ikoni, na mji ulikuwa umemtenga. Ninyi mnajua maana yake, lakini watasoma na wengine: hakuna anayekusalimu, huna nafasi katika uwanja wa mji, harusi yako haihudhuriwi. Sikuuona mji kuwa na roho mbaya. Watu wale walikuwa na maiti zao na makovu yao, na hawakuwa na mwingine wa kumwadhibu aliyebaki karibu.

Katika hali hiyo Bi Hadija akafa. Nilikwenda. Sisi wanawake tulikuwa ndani, na mimi nilikuwa karibu na mlango, ndiyo maana niliona. Jeneza liliwekwa uani. Wanaume wa mji walijaa, maana mama yule walimpenda. Ahamada alisimama ukutani peke yake. Mkubwa mmoja wa mji alimwambia kwa adabu kwamba marehemu ni wao, watamzika wao kwa heshima zote, na yeye abaki nyumbani. Ahamada aliinamisha kichwa. Hakubisha.

Fundi Bakari alikuwa ameshastaafu. Alikuwa amekuja kutoka Itsandra na mkongojo wake, na nilimwona akipenya katikati ya watu mpaka mbele ya jeneza. Mtu huyu alikuwa amesomesha maisha yake yote habari za wafalme wanaokataza maziko. Hakutaja hata mmoja.

"Mimi si mtu wa Ikoni," alisema, "na adhabu yenu siiingilii. Nauliza moja tu. Kaburini atashuka nani kumpokea? Nionyesheni mwingine aliyezaliwa na mama huyu, nami nitanyamaza."

Yule mkubwa alitazama chini muda mrefu.

"Ashuke," akasema hatimaye. "Akitoka, adhabu iko pale pale."

Ahamada akaweka bega chini ya jeneza la mama yake. Walipotoka uani, aliyekuwa bega la pili alikuwa mwanafunzi wangu mmoja wa darasa lile la zamani. Adhabu ilibaki kweli, kama ilivyosemwa, mpaka alipolipa faini ya mji baada ya miaka kadhaa na kurudishiwa nafasi yake. Lakini mama yake, yeye ndiye aliyemshusha kaburini.

Mwaka ule wa msiba shule ilikosa mwalimu wa Kiingereza, na Ahamada cheti alikuwa nacho. Mkuu wa shule alisita, akaniuliza kama namdhamini. Nikasema namdhamini. Walimu wawili walihama meza aliyokaa. Yeye alisahihisha madaftari yake kana kwamba meza ilikuwa ndogo tangu awali.

Asubuhi ya somo lake la kwanza nilipita koridoni, si kwa bahati. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameandika tarehe ubaoni. Kijana mmoja wa nyuma akainuka, akauliza kama ni kweli alikuwa askari wa mamluki. Aliuliza chini chini, akikusudia wenzake wasikie na mwalimu asisikie.

Ahamada aligeuza kichwa. "Rudia kwa nguvu," akasema. "Sikio hili halisikii."

Yule kijana hakuwa na njia. Akarudia kwa nguvu, na nadhani shule nzima ilisikia.

"Ni kweli," Ahamada akasema. Akaweka chaki, akavuta kiti, akakaa mbele yao. "Nitawaeleza nilivyoingia na nilichofanya. Nikimaliza mtaamua kama mnataka niwafundishe."

Niliondoka. Yale hayakuwa ya masikio yangu. Kengele ya mapumziko ililia, milango yote ikafunguka, wa kwake haukufunguka. Sikumuuliza walichoamua, wala yeye hakuniambia. Kesho yake nilipopita alikuwa amesimama ubaoni akiandika vitenzi, na darasa lilikuwa limeinama linanakili.